Tuliezeka Kabla ya Serikali

Watu watatu wenye vyeo waliniambia kwamba nilikosea kuiezeka shule ya kitongoji chetu, na wote watatu niliwakatalia: ningeiezeka tena hata kesho. Naandika haya ili wa nne asijisumbue kupanda mlima.

Kwetu mtu asiyejieleza mwenyewe huelezwa na majirani, kwa hiyo nianze na mimi. Nilizaliwa juu ya mgongo wa mlima, upande wa Mlola, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi huoni bonde, unaona ukungu tu, na unajua bonde lipo kwa sababu unasikia watu wakikohoa huko chini. Nilishuka milimani na cheti cha darasa la saba, nimeketi juu ya magunia ya karoti kwenye fuso la watu. Dar es Salaam nilibeba zege. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya vibarua waliowekeana dau kwamba ningeacha kabla ya chakula cha mchana. Sikuacha. Nilisoma jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaufanya tena nilipoona matokeo hayanitoshi, nikaingia chuo, nikatoka na Stashahada ya Ujenzi. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Wapo wanaosema nilibahatika. Bahati haibebi zege.

Stashahada hiyo imo kwenye fremu sebuleni kwangu, mahali ambapo majirani zangu wametundika kalenda ya duka la mbolea. Mgeni asipoiona, namkaribisha kiti kinachoitazama. Niliporudi kwetu nilijenga nyumba ya kwanza kitongojini yenye mkanda wa zege kuzunguka kuta, na mpaka leo mtu akielekezwa njia huambiwa, ukifika kwa injinia kata kulia. Mimi si injinia, ni fundi sanifu. Sijawahi kumsahihisha mtu.

Nilirudi na binti yangu mgongoni. Baba yake alibaki Dar es Salaam na sababu zake.

Sasa shule. Shule ya serikali iko ng'ambo ya bonde. Mtoto wa kwetu anateremka ngazi za udongo kati ya matuta ya kabichi, anavuka kijito kwenye magogo, kisha anapanda upande wa pili kwa mikono na miguu. Wakati wa masika magogo yanateleza, na kila mama wa mgongo wetu hukaa na hofu mpaka watoto waonekane wakirudi. Ndiyo maana kitongoji kilianzisha shule shikizi, yaani tawi dogo la ile shule kubwa, kwa ajili ya wadogo. Ilianzia kwenye ghala la zamani la viazi, na mwalimu wa kujitolea, binti aliyemaliza kidato cha sita, tukimlipa viazi, maharage na heshima.

Shikizi haina namba ya usajili. Mtu wa mjini anaweza kudhani hilo ni jambo la makaratasi tu. Namba ndiyo mlango. Ruzuku ya serikali, ile inayonunua chaki na vitabu, hufuata namba. Mwalimu wa kuajiriwa hupangwa kwenye namba. Mageuzi yote tuliyoyasikia redioni, elimu bila malipo, mtaala mpya, vitabu vipya, yalipita juu ya mgongo wetu kama ndege ya abiria: tuliyasikia vizuri, hayakutua.

Binti yangu alikuwa anakaribia darasa la kwanza. Dada yangu anayeishi Lushoto mjini alinipigia simu akasema atamchukua, atamsomesha shule ya Kiingereza yenye basi la njano. Alisema kwa wema. Lakini mimi mwenyewe nililelewa nyumba ya watu ili nisome, na najua ladha ya chai ya nyumba ya watu, jinsi unavyojifunza kutokuomba sukari. Nikamjibu kwamba mwanangu ataanza darasa la kwanza Januari, hapa hapa kwenye mgongo wetu, kwenye shule ya serikali yenye namba. Akaniuliza, na namba isipotoka? Nikasema itatoka. Akasema basi tukubaliane, isipotoka kabla ya Januari, mtoto anakuja kwangu. Nikakubali, na nilipokata simu nikagundua kwamba nimemweka mwanangu rehani kwa shule ambayo haikuwa hata na msingi.

Diwani alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Alieleza utaratibu, na alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema serikali haiwezi kujenga kila mahali kuanzia chini, kwa hiyo wananchi wachimbe msingi, wasimamishe kuta, wafike kwenye linta, yaani ule ukanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kuta za namna hiyo zisizo na paa huitwa boma. "Nyinyi fikeni linta," alisema. "Kuanzia linta kwenda juu ni kazi ya serikali." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya kokoto.

Kwetu kazi ya pamoja inaitwa msaragambo, na haina mjadala. Jioni mpiga mbiu anapanda kwenye jiwe kubwa na kupaza sauti, sauti inaruka bonde na kurudi, na asubuhi kila kaya inatoa mtu. Isiyotoa mtu, vijana huenda kuchukua jembe la kaya hiyo, nalo halirudi mpaka mwenyewe aje kulifuata kazini. Siku ya gulio hakuna msaragambo, Ijumaa unaishia adhuhuri, Jumapili unaanza baada ya ibada, na hakuna dini iliyowahi kulalamika kwamba imeonewa. Wanawake tulipandisha mchanga kutoka kijitoni kwa ndoo. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma. Mimi nilishika pimamaji, kile kipimo cha kunyoosha ukuta, na ukuta uliopinda kidogo tu niliubomoa mbele ya aliyeujenga. Mmoja alisusa. Kesho yake jembe lake lilikuwa kwangu.

Tulifika linta kiangazi, vyumba viwili, kuta zimenyooka hivi kwamba ungeweza kuzipigia mstari wa daftari.

Tukasubiri. Tulituma taarifa kwa mtendaji wa kijiji, mtumishi wa serikali anayetuandikia barua zetu, naye akaipeleka halmashauri. Halmashauri siitaji jina. Milimani hapa iko zaidi ya moja, na kila mmoja ajikune anapowashwa. Majibu yakawa kwamba orodha ya maboma ni ndefu, tuvute subira. Machi ikaingia. Mawingu yakaanza kukaa juu ya msitu bila kuondoka.

Mtu wa nchi tambarare hataelewa kilichofuata. Kwetu kuta zinazokutwa na masika bila paa ni aibu ya mwenye kuta. Mtu akisimamisha nyumba na mvua ikaikuta uchi, watu wanaopita hawamsalimii kwa jina lake, wanamwita mwenye gofu, na jina hilo huweza kumfuata mpaka kwa wajukuu. Na si aibu tu. Mvua yetu haianguki ikaisha, inakaa. Tofali linakunywa maji, linaota kuvu ya kijani, kisha linaanza kumomonyoka kama mkate kwenye chai. Kitongoji cha mgongo wa pili walikuwa na boma lao tangu enzi za diwani aliyetangulia. Maboga yalitambaa ndani mwake na kutokea dirishani. Tuliwacheka sana.

Mjomba wangu, kaka yake mama, mzee ambaye alitoa miti yake ya mgrivea kwa ajili ya jukwaa la ujenzi, alisimama na mimi pale akitazama mawingu.

"Serikali itapaua," nilimwambia.

"Itapaua nini, mwanangu? Ikifika itakuta tumepanda viazi humo."

Basi nikaamua. Kuchangisha fedha bila kibali hairuhusiwi, na mimi sheria naijua, kwa hiyo sikuchangisha hata shilingi. Nilisimama baada ya swala ya Ijumaa, nikasimama tena Jumapili nje ya kanisa la Kilutheri, maneno yale yale. Nilisema anayependa shule alete bati moja, asiyependa asilete. Paa litajieleza.

Yalikuja mabati ya kila rangi. Jipya linalong'aa kutoka kwa mwenye duka. La bluu lililobaki kwa mtu aliyejenga vizuri. Yenye kutu kutoka jikoni kwa wajane, ambayo nilitaka kuyakataa, wenyewe wakanitazama kwa namna ambayo niliyapokea. Mjomba aling'oa bati kwenye banda la mbuzi wake. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, niliziunga mwenyewe kwa mbao za miti yetu, na nilipanda juu kwa suruali huku wazee wakitazama pembeni. Tulimaliza mvua ikiwa ukingoni mwa kijiji.

Masika yote watoto walisoma wakiwa wakavu. Nilikwenda siku moja nikasimama mlangoni, mvua ikipiga bati mpaka sauti ya mwalimu haisikiki, watoto wakisoma midomo yake. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia, na nimesimamia ghorofa zenye lifti.

Baada ya mvua halmashauri ikaja. Fedha za kukamilisha maboma zilikuwa zimepangwa, na mhandisi wa halmashauri alikuwa anazunguka kata nzima kuyathibitisha. Alikuwa kijana wa shahada, viatu vyeupe. Alimkuta mama yangu mbele ya shule akianika maharage, akamwambia, habari za hapa. Mama akamjibu, "Marahaba." Kijana akashtuka, akajirekebisha, shikamoo mama, naye mama akaitikia marahaba ya pili kama mtu anayepokea chenji yake.

Alizunguka jengo letu, akagonga kuta, akatazama juu. Nilingoja sifa.

"Boma liko wapi?" aliuliza.

"Hili hapa."

"Hili lina paa."

"Ndiyo. Tumewapunguzia kazi."

Alinieleza taratibu, bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hulowesha. Fedha hizi zinashuka na jina. Hizi za maboma ni za maboma. Jengo lenye paa si boma, kwa hiyo haliwezi kuingia kwenye orodha, kama vile ng'ombe wa mahari hachinjwi matangani hata kama wafiwa wana njaa. Nilimwonyesha kilichokosekana: sakafu ilikuwa udongo, hakukuwa na ofisi ya walimu, hakukuwa na vyoo. Bila hivyo wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wasingetoa pendekezo la usajili. Alikubali kwamba vyote vilikosekana. Alikubali pia kwamba boma likiingia kwenye orodha huja na sakafu, ofisi na matundu yake ya vyoo. Lakini sisi hatukuwa na boma.

"Mngesubiri," alisema. "Mlikosea kuezeka."

Huyo ndiye wa kwanza. Nilimuuliza kama alipokuwa chuoni walimfundisha maji yanafanya nini kwenye tofali la kuchoma lisilofunikwa. Akasema walimfundisha. Nikamwambia basi arudi akawafundishe walioandika utaratibu. Akashuka na viatu vyake, na fedha ya kata yetu ikaenda kwa wenye maboga.

Siku ya gulio nilikuwa nachagua nyanya pale chini. Mwenyekiti wa kitongoji cha pili, mtu mnene mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, alinisogelea na kicheko chake.

"Injinia, shikamoo."

Hatuzidiani umri, shikamoo ile ilikuwa kejeli. Nikaipokea. "Marahaba, mwanangu."

"Tunakushukuru. Tumeambiwa bati zetu zinakuja, za migongo mipana, rangi moja. Ukibakiza pesa njoo ununue maboga, tunayaondoa humo ndani."

Watu walicheka, nami nikarudi kwenye nyanya zangu. Kilichoniuma si kejeli. Nilikuwa nawaza kwamba mtu mvivu amelipwa kwa uvivu wake, mwenye bidii ametozwa kwa bidii yake, na aliyeamua hivyo hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa mezani mahali fulani ambapo hakuna ukungu. Kanuni yake ilikuwa moja kwa nchi nzima, kwenye jangwa na kwenye mlima, na alijivunia usawa huo.

Dada alipiga simu jioni hiyo kuuliza kuhusu sare. Alikuwa ameshamwulizia mtoto nafasi.

Ndipo mtendaji wa kijiji alipoitisha mkutano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye kupenda kazi yake. Alitueleza kwamba orodha ya nyongeza ilikuwa bado wazi, na ingefungwa kabla mwaka wa fedha haujaenda mbali. Akashusha sauti. Alisema kama mhandisi akirudi na akakuta kuta bila paa, ataandika anachokiona. Hakuna atakayeuliza paa lilikwenda wapi. Tuyashushe mabati, tuyafiche majumbani, serikali iezeke.

"Mlikosea kuezeka," alisema kwa upole, "lakini kosa linafutika."

Wa pili huyo. Na watu walikubaliana naye. Siwalaumu. Mwenye duka alisema bati lake lingemfaa. Mjomba alisimama akasema mbuzi wake wamenyeshewa masika yote kwa ajili ya elimu na hawajui kusoma, kwa hiyo akirudishiwa bati lake hatakataa. Watu wakacheka kicheko cha watu waliokwisha kuamua.

Nikasimama. Nilisema kipupwe kimeingia, manyunyu hayakati, na kwenye vyumba vile kuna watoto. Tukiezua leo wanarudi kwenye ghala la viazi au wanavuka magogo, na serikali itakuja lini hakuna anayejua hapa, hata mtendaji. Nilisema sitapanda juu ya paa lile kung'oa msumari hata mmoja, na atakayepanda atapanda juu ya kenchi zangu, na mimi nitakuwa nimekaa chini yake.

"Kwa hiyo unataka tukose vyote?" aliuliza mwenye duka. "Wewe mwanao atakwenda kwa dada yako mjini. Wetu wataenda wapi?"

Lilinichoma, maana lilikuwa na nusu ya ukweli. Mama yangu, aliyekuwa amekaa chini na kanga yake mabegani, alisema neno kwa Kishambaa ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema, mtoto mnayesema atakwenda mjini yupo hapa. Kisha akanigeukia, akaniambia mbele ya watu wote, "Wewe umesoma. Usiwaambie wasichofanya tu. Waambie wafanye nini."

Nitasema ukweli, sikuwa nimefikiria. Nilifikiria pale pale nikiwa nimesimama, na ndivyo ninavyofikiri vizuri.

"Wanataka boma," nilisema. "Tuwape boma. Tujenge jingine."

Nikaeleza. Ubavuni mwa vyumba vile kuna nafasi ya chumba cha tatu na ofisi. Tuchimbe msingi kesho, tusimamishe kuta, tufike linta kabla orodha haijafungwa. Lisiwe boma la uongo, liwe boma la kweli, la kupimwa. Na tukifika linta tuishie hapo. Hata mvua ije, hata watu waseme nini, mkono usiguse bati. Matofali nitatoa mimi, yale niliyochoma kwa ajili ya ukuta wa uwanja wangu.

"Tuache kuta uchi?" mjomba aliuliza. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Alinitazama kama nimependekeza tuzike mtu akiwa amesimama. Lakini mpiga mbiu alikuwa ameshainuka.

Kujenga hakukuwa kugumu. Kujenga tunajua. Tulifanya kazi ndani ya ukungu mzito hivi kwamba fundi wa kona moja alimwita mwenzake wa kona ya pili kwa sauti ili ajue yupo. Wanawake walileta chai ya mchaichai na magimbi ya kuchemsha. Tulifika linta. Mtendaji, ambaye mwanzo aliniona mbishi, alipeleka taarifa mwenyewe kwa bodaboda mpaka halmashauri na hakuondoka mlangoni mwa ofisi mpaka mhandisi alipopanga siku.

Alikuja na buti safari hii. Alimsalimu mama shikamoo kutoka mbali. Akapima, akaandika, akatazama lile paa la rangi rangi la vyumba viwili na kuta mpya zisizo na paa ubavuni mwake.

"Hili mbona hamkuliezeka?" aliuliza, na nilimwona anajizuia kucheka.

"Tumejifunza kusubiri."

Tukaingia kwenye orodha. Kisha ikaja kazi ngumu, kazi ya kutofanya kitu. Vuli ilianza kabla fedha haijashuka. Mvua ya kwanza ilipopiga zile kuta, watu walitoka majumbani kutazama kama watu wanaotazama mgonjwa. Wapita njia wa mgongo wa pili walituita wenye gofu, waziwazi, na hatukuwa na haki ya kujibu. Mjomba alikuja kwangu na turubai la kufunikia viazi, akasema turubai si bati. Nikamwambia mhandisi anaweza kupita wakati wowote. Akasema basi majani ya migomba. Nikamwambia hapana. Asubuhi moja nikakuta majani ya migomba yamepangwa juu ya ukuta wa ofisi, yamegandamizwa na mawe. Nilijua mikono iliyoyapanga, maana ilikuwa ya mama yangu. Nikayashusha, nikamrudishia. Kozi za juu, ile mistari ya mwisho ya matofali, zililowa, nyingine zikaanza kubomoka, na mimi niliyebomoa kuta za watu kwa kupinda kidogo tu nilikaa nikitazama ukuta wangu mwenyewe ukiliwa na mvua ili karatasi fulani ibaki ya kweli.

Diwani alipita wakati huo. Aliona, akatikisa kichwa, akasema kama tusingeezeka vile vya kwanza yote haya yasingetupata. Huyo ndiye wa tatu. Nilimwomba atakapokwenda kwenye baraza la madiwani aulize swali moja kwa niaba yangu: kwa nini anayesubiri hupewa, na anayetangulia hunyimwa? Kwa nini fedha isimfuate mtoto badala ya kufuata ukosefu wa paa? Akasema ni swali la kisera. Nikasema ndiyo maana namuuliza mwanasiasa. Sijui kama aliliuliza. Mimi naliuliza hapa.

Fedha ilishuka. Kwa kuwa mafundi walikuwa wetu na msimamizi alikuwa mimi, hakuna mfuko wa saruji uliotembea. Tulirudia kozi zilizoharibika, tukapaua, tukachimba vyoo, na saruji iliyobaki, kwa idhini ya kamati ya shule na mhandisi, ikamwagwa kwenye sakafu za vyumba viwili vya kwanza. Jengo jipya lina mabati mazuri ya rangi moja. Watoto wanapenda vyumba vile vingine, kwa sababu kila mmoja anajua bati la kwao na hukaa chini yake.

Wathibiti ubora walikuja Desemba, wakakagua mpaka mlango wa choo. Namba ilitoka shule zikiwa zimefungwa. Nilimpigia dada kabla sijamwambia mtu mwingine. Aliuliza kama mtoto ana sweta la kutosha, maana huko kwenu kuna baridi. Nikamwambia ana mawili.

Januari binti yangu aliingia darasa la kwanza. Mwalimu wa serikali alifika wiki hiyo hiyo na begi moja, kijana wa kutoka kanda ya ziwa, amejifunga shuka juu ya shati. Aliuliza kama baridi ni hivi kila siku. Mjomba akamwambia hiyo haijaanza bado.

Tulikuwa tumemzunguka uwanjani, wazazi wote, tukimtazama kama kitu kilichotolewa kwenye boksi. Mtendaji akatoa hotuba fupi. Alisema mwalimu atalala kwa mwenye duka kwa muda, kwa sababu shule haina nyumba ya mwalimu, lakini utaratibu upo: wananchi waanzishe, wafikishe boma kwenye linta, na serikali itakamilisha. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi. Kijana yule naye akanitazama, akitetemeka ndani ya shuka lake, bila kujua anasubiri nini.

"Msingi tutachimba baada ya gulio," nilisema. "Tutafika linta. Na tukifika linta, mwalimu, wewe utahamia kwangu, chumba kipo, na mimi nitakwenda kukaa kwenye ngazi za halmashauri na kiti changu mwenyewe mpaka mabati yaje. Kuta zangu hazinyeshewi mara ya pili."

Mtendaji alianza kusema kwamba huo si utaratibu. Mama yangu alikuwa ameshamshika mwalimu mkono, anampeleka jikoni kwenye moto.